Hatamu Ikianguka

Watu wa vijiji vingi vya Kongo hawamjui farasi ila kwa picha. Sababu yake si ngumu: mbung'o, yule inzi awatiaye ng'ombe ugonjwa, humdhuru farasi zaidi tena, na kwa hiyo katika nchi za misitu na mito farasi hakuweza kukaa. Walakini swali litakaloelezwa hapa si la farasi peke yake. Ni swali la kila mtu aliye na kiumbe chini ya mkono wake, awe ni mbwa wa kuwinda, au mbuzi, au ng'ombe wa kukokota jembe. Farasi amechaguliwa kwa sababu kuna mchezo mmoja, katika nchi ya mbali, ambamo swali hilo huulizwa mbele ya macho ya watu wengi, na jibu lake huonekana kwa muda mfupi kuliko wa kuchota maji kisimani.

Swali lenyewe ni hili: Je, mwenye nguvu juu ya kiumbe asiyeweza kukataa ana deni lo lote kwake? Au kiumbe huyo ni chombo tu, kama jembe au shoka, ambacho mwenyewe hukitumia mpaka kivunjike?

I. Mchezo wa mapipa matatu

Nchini Marekani, upande wa magharibi wenye nyika pana na makundi makubwa ya ng'ombe, wachungaji hufanya kazi yao juu ya farasi tangu zamani. Katika kazi hiyo ya kukimbiza na kukamata ng'ombe yalizaliwa mashindano yaitwayo rodeo. Mwaka 1948 wanawake 38 walikutana katika mji wa San Angelo, jimbo la Texas, wakaanzisha chama chao wenyewe, ili nao washindane kwa kanuni zilizo wazi na kupata zawadi zilizo halali. Chama hicho kipo hata leo, na tangu mwaka 1981 chaitwa Women's Professional Rodeo Association. Mchezo wao mkubwa ni mbio za kuzunguka mapipa.

Mapipa matatu ya chuma, kama yale yatiwayo mafuta, husimamishwa uwanjani mfano wa mafiga matatu ya jikoni. Kati ya pipa la kwanza na la pili pana mita 27 na zaidi kidogo. Kutoka kila moja la hayo mpaka la tatu, lililo mbali, ni mita 32. Mwanamke huingia mbio juu ya farasi wake, hulizunguka pipa la kwanza, huvuka na kulizunguka la pili kwa upande mwingine, huliendea la tatu na kulizunguka, kisha hurudi moja kwa moja mlangoni kwa nguvu zote zilizobaki. Akiangusha pipa moja huongezewa sekunde 5, nazo ni sawa na kushindwa kabisa, kwa kuwa mshindi na mshindwa huachana mara nyingi kwa sehemu ya mia ya sekunde. Farasi hodari humaliza mzunguko huo kwa sekunde 17 hivi. Katika uwanja wa Las Vegas, ambao ni mdogo zaidi, na ambako mashindano makuu ya mwisho wa mwaka hufanyika tangu 1985, humaliza kwa sekunde 13 au 14.

Msomaji na atafakari maana ya mambo hayo. Farasi ana uzito wa kilo 500 hivi. Huja kwa kasi, mara hujikunja kando ya pipa akiinama upande, na uzito wote huo hubebwa na miguu iliyo myembamba kama miti ya kujengea. Wala si yeye aliyeomba kushindana. Hajui zawadi ni nini, wala jina lake likiandikwa gazetini halimwongezei majani. Mwanadamu ndiye aliyetaka, na farasi ndiye anayekimbia.

Njia ya mtu kusema na farasi ni hatamu. Ni mikanda ya ngozi ivikwayo kichwani, pamoja na kipande cha chuma kikaacho kinywani, ambacho huitwa lijamu. Avutaye mkanda huusikiza mkono wake kinywani mwa mnyama. Kinywa ni laini. Kwa hiyo mkono mwepesi husemwa huko kwa neno jepesi, na mkono mzito husemwa kwa maumivu.

II. Usiku ambao hatamu ilifunguka

Mwaka 1985, katika mashindano makuu ya Las Vegas, aliingia uwanjani msichana mmoja wa miaka 15, Charmayne James, mwenyeji wa mji mdogo wa Clayton katika jimbo la New Mexico. Farasi wake aliitwa Scamper. Baba yake alikuwa amemnunua farasi huyo kwa dola 1,100, bei ndogo kwa mnyama wa mashindano, na kabla ya hapo alikuwa amepita katika mikono ya watu kadhaa waliomwona kuwa mkaidi. Tena alikuwa amehasiwa, maana yake hakuna mtu aliyefikiri kuiweka mbegu yake.

Katika zamu mojawapo ya siku zile, farasi alipokuwa akiingia kwa kasi, hatamu ilifunguka ikamtoka kichwani. Msichana akabaki hana kitu cha kumwongozea wala cha kumzuilia. Farasi angeweza kukimbilia ukutani, au kugeuka, au kumtupa chini. Hakufanya hivyo. Alilizunguka pipa la kwanza, na la pili, na la tatu, akarudi mlangoni. Naye ndiye aliyeshinda wote katika zamu ile.

Wawili hao walikuwa mabingwa wa mchezo huo kwa miaka 10 mfululizo, tangu 1984 hadi 1993. Lakini watu wengi waliosahau hesabu ya miaka hawakuusahau usiku wa hatamu. Kwa sababu gani? Kwa sababu usiku ule jambo lililofichika lilifunuliwa. Hatamu ikiwa kichwani, mtazamaji hawezi kujua kama farasi anatii kwa kuogopa chuma, au kwa kuizoea njia na kumwamini ampandaye. Hatamu ikianguka, anajua.

Hakuna awezaye kuingia moyoni mwa farasi na kuyahesabu mawazo yake. Hata hivyo jambo moja ni wazi: chuma hakikumwongoza usiku ule, wala mkono. Basi utii ule ulitoka wapi?

III. Je, ulitoka katika damu?

Wako wanaosema kwamba yote ni damu. Hao hufuga farasi wa ukoo uitwao Quarter Horse, yaani farasi wa robo, kwa sababu hakuna awezaye kumshinda kwa mbio fupi za robo maili, ambayo ni mita 400 hivi. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa mwaka 1940 katika mji wa Fort Worth, nacho huandika kitabu cha ukoo: huyu ni mwana wa dume fulani na jike fulani, na huyo dume ni mwana wa fulani. Mimba ya farasi hukaa miezi 11, na mfugaji mwenye akili hutumia miaka mingi akipima ni dume gani ampe jike gani.

Damu ni kitu cha kweli. Mwana wa wazazi wenye miguu mizuri na pumzi ndefu ana bahati kubwa kuliko mwana wa wazazi dhaifu. Lakini damu ni amana aliyopewa mtu, wala si sifa yake. Na tena huleta pamoja na mazuri yale yaliyofichika. Palikuwa na dume mmoja wa ukoo huo aliyeitwa Impressive, ambaye mwili wake ulijaa misuli mizuri hata akasifiwa sana katika maonyesho ya uzuri wa farasi. Wafugaji wengi walitamani mbegu yake. Baada ya miaka ikagunduliwa kwamba uzao wake ulirithi pia ugonjwa wa misuli: farasi hutetemeka, hulegea, na mara nyingine huanguka na kufa. Wakati ilipojulikana, uzao wake ulikuwa umekwisha kuenea mahali pengi. Ndiyo sababu chama kile kiliweka kanuni kwamba mwana-farasi aliyezaliwa tangu mwaka 2007, akiwa amerithi ugonjwa huo kwa baba na kwa mama pia, asiandikwe kitabuni. Hapo yaonekana deni la kwanza la mwenye nguvu. Anayechagua dume na jike amemchagulia afya au ugonjwa mnyama ambaye bado hajazaliwa. Kwa hiyo haifai atazame misuli na kufumba macho kwa mengine.

Tena, damu peke yake haitoshi. Mwaka 2006 wataalamu walichukua chembe ya mwili wa Scamper wakafanya mwana-farasi aliye sawa naye kwa urithi wote wa mwili, kama pacha aliyezaliwa miaka mingi baadaye. Akaitwa Clayton, kwa jina la mji wa Charmayne James. Kwa kuwa Scamper alikuwa amehasiwa, shabaha ilikuwa kupata dume atakayeitoa mbegu ambayo yeye hakuweza kuitoa. Chama cha wafugaji kilikataa kuwaandika kitabuni wanyama waliofanywa kwa njia hiyo; kikashtakiwa, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilikipa haki.

Watu wanaweza kubishana juu ya kitabu. Lakini hakuna anayebisha kwamba jambo moja halikuweza kuhamishwa katika chembe ile, nalo ni miaka ya asubuhi na jioni ambayo msichana mmoja na farasi mmoja walikuwa pamoja. Mwili uliweza kufanywa mara ya pili. Usiku wa hatamu haukuweza.

IV. Je, ulitoka katika nguvu?

Wengine husema: Hapana, yote ni fimbo. Mnyama humtii amshindaye. Basi yafaa kutazama jinsi farasi anavyojifunza kweli.

Mfunzaji mzuri haanzi kwa mbio. Humwendesha farasi kwa miguu polepole kuzunguka mapipa, siku nyingi, mpaka mnyama ajue mahali pa kuinama na mahali pa kunyoka. Kisha mwendo huongezwa kidogo, kisha kidogo tena. Farasi akikosa, hurudishwa katika mwendo wa chini, kama mwanafunzi arudishwaye kwenye herufi kabla ya kusoma neno. Na katika kila hatua kuna siri moja: farasi hajifunzi kwa kubanwa, bali kwa kuachiliwa. Mguu wa mpandaji humgusa ubavuni. Farasi akisogea, mguu huondoka papo hapo. Mkanda humvuta kidogo. Akigeuza kichwa, mkanda hulegezwa. Ule wepesi anaoupata baada ya kutii ndio unaomfundisha. Mpandaji asiyejua kuachilia, anayevuta hata baada ya farasi kutii, humfundisha neno moja tu: kwamba kutii hakuna faida.

Tena mpandaji mwenyewe sharti afundishwe kwanza. Akitazama pipa badala ya kutazama njia, mwili wake huinama, na farasi humfuata mpaka pipa likaanguka. Akiogopa, farasi huisikia hofu yake kwa mapaja. Akikasirika, hasira hushuka kwa mikono mpaka kinywani mwa mnyama. Mgiriki Xenophon, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita na kuandika kitabu juu ya kufuga na kupanda farasi, alikwisha kufundisha kwamba mtu asimshughulikie farasi akiwa na hasira. Vita vya zama zile vimepita, na matandiko yamebadilika. Fundisho lile halikubadilika.

Na yule wa fimbo, anapata nini? Mara nyingine hupata ushindi, tena upesi. Ni uongo kukataa. Lakini kuna jambo ambalo wapanda farasi wa mapipa wanalijua sana. Farasi aliyepigwa na kuvutwa kinywa kila aingiapo uwanjani hufika siku moja mlangoni asikubali kuingia. Husimama, hurudi nyuma, huinuka kwa miguu miwili. Watazamaji husema ni mkaidi. Si mkaidi: ana kumbukumbu. Amejifunza barabara somo alilofundishwa, yaani kwamba ndani ya mlango ule mna maumivu. Yeye naye anajibu swali la hatamu, ila kwa namna nyingine.

Basi utii unaobaki hatamu ikianguka hautoki katika damu tu, wala katika nguvu. Hutoka katika mazoea mema yaliyojengwa polepole, na katika imani ambayo kiumbe dhaifu humpa mwenye nguvu aliyeona kwamba hamwonei. Samaki mkunje angali mbichi, husema wahenga. Lakini hawakusema mvunje.

V. Swali la dhamiri

Ni rahisi kukubali hayo wakati ambapo hayamgharimu mtu kitu. Basi na ulinganishwe mfano mmoja, wa mwanamke asiye na jina, kwa maana wenye shida kama yake ni wengi.

Katika mbio za mapipa kuna mashindano maalumu ya farasi wachanga ambao hawajapata kushindana, wa miaka 4 au 5 mara nyingi. Zawadi zake ni kubwa, na farasi ashindaye huko bei yake hupanda siku ileile. Lakini fursa hiyo humjia farasi mara moja katika maisha yake. Mwaka ukipita, umepita. Kwa hiyo wengi huanza kumpanda farasi akiwa wa miaka 2 na kumfundisha mapipa akiwa wa miaka 3. Sasa, mifupa ya farasi haikomai yote pamoja. Ile ya chini ya miguu hutangulia. Ile ya mgongo, palepale pakaapo tandiko, hukawia mpaka miaka 5 na zaidi. Farasi wa miaka 3 kwa macho ni mkubwa. Kwa ndani bado ni kijana anayekua.

Mwanamke huyo alikopa fedha akamnunua farasi jike wa damu njema. Kwa miaka miwili alimlisha na kumfundisha. Siku mbili kabla ya mashindano anamwona akikimbia polepole huku akitikisa kichwa: kila mguu wa mbele wa kulia ukanyagapo chini, kichwa huinuka. Hiyo ni dalili ya kuchechemea. Mganga wa wanyama anamwambia: uvimbe si mkubwa, lakini mnyama apumzike miezi miwili. Jirani anamwambia: iko dawa ya kuzima maumivu, mpe, akimbie hizo sekunde 17, kisha apumzike hata mwaka. Na mwenye deni amekwisha kutuma barua.

Afanye nini? Haifai kumjibu upesi, kama kwamba shida yake ni ya mchezo. Yapasa kupima mambo matatu.

La kwanza: dawa ya maumivu haiponyi. Maumivu ni kama mbwa abwekaye usiku. Mtu akimfunga mbwa kinywa, atalala vizuri. Lakini mwizi yumo uani vilevile. Farasi asiyesikia maumivu ataukanyaga mguu mbovu kwa nguvu zote za mguu mzima, na hapo uvimbe wa miezi miwili waweza kuwa kilema cha siku zote. Na akianguka kwa kasi ile, humwangukia pia ampandaye.

La pili: mtu mzima akitaka kukimbia huku mguu wamwuma, anajua anachokitafuta na anachoweza kukipoteza, mwili ni wake, ameamua. Farasi hawezi kuamua, kwa maana hajui. Humkimbilia mwanamke huyu kwa sababu amezoea kwamba amwombacho ni chema. Kwa hiyo mwenye kumpanda amebeba mafungu mawili ya uamuzi, lake na la mnyama, na hana ruhusa kulitumia fungu la mwenzake kana kwamba ni lake. Kadiri kiumbe asivyoweza kukataa, ndivyo mwenye nguvu apaswavyo kukataa kwa niaba yake.

La tatu: yuko na jirani mwingine, yule atakayemnunua farasi huyo baada ya ushindi. Atalipa bei ya mguu mzima apewe mguu mbovu. Kosa juu ya mnyama halikai peke yake. Huzaa upesi kosa juu ya mtu.

Basi jibu ni kwamba asikimbie. Na deni je? Deni linabaki. Huenda atauza kitu kingine, huenda atamwendea mwenye deni na kumwomba siku, huenda atapata aibu. Anayemshauri vema haifai kumdanganya kwamba haki italipwa kesho kwa zawadi kubwa zaidi, pengine haitalipwa. Haki haikuwekwa kwa sababu ina faida kila mara. Imewekwa kwa sababu, yeye akikimbia, kuna kiumbe mmoja atakayelipa deni asilolikopa.

VI. Mambo yanayobishwa

Mtu wa kwanza husema: "Farasi ni mali yangu, nimenunua, ninalisha." Ni kweli, ni mali yake. Lakini mali si zote za namna moja. Jembe likitupwa mvuani, mwenyewe ndiye apataye hasara, na jembe halisikii kitu. Mnyama akiumizwa, hasara ni ya mwenyewe na maumivu ni ya mnyama. Fedha hununua kazi yake na uzao wake. Haikununua maumivu yake yawe si kitu.

Mtu wa pili husema: "Fadhila za punda ni mateke. Mnyama ukimwonea huruma atakupanda kichwani." Lakini huruma si ulegevu. Mfunzaji mwema humrudi farasi; humzuia, humrudisha nyuma, humfanyisha kazi mpaka atoke jasho. Tofauti ni hii: marudi yana mwisho, nayo yana maana ambayo mnyama anaweza kuielewa. Hasira haina mwisho wala maana. Kanuni za mashindano zenyewe hukataza kumpiga farasi kupita kiasi. Na ni aibu kwa mtu kungoja kanuni imfundishe.

Mtu wa tatu husema: "Wenzangu wote hufanya hivyo. Nikiwa mpole, nitashindwa." Huyu ndiye mwenye hoja nzito, kwa maana mara nyingine ni kweli atashindwa. Ajibiwe kwa swali: Ashindwe nini? Akishinda kwa kumvunja mnyama, ameshinda sekunde chache na kupoteza farasi. Na tena amejizoeza mkono wake kwa ukali. Mkono huo haubaki zizini. Hurudi naye nyumbani jioni, na nyumbani mna wengine wasioweza kukataa.

VII. Mwisho wa mambo

Mbio za mapipa, basi, si kosa kwa zenyewe. Farasi ameumbwa mwenye kasi, na kasi yake ikitumiwa kwa kipimo ni uzuri wa kutazamwa. Wapandaji wengi wema humaliza sekunde zao, kisha humtembeza farasi polepole mpaka pumzi yake itulie, humwosha miguu kwa maji baridi, humpapasa kila kifundo wakitafuta joto la uvimbe, wala hawaendi kula wao kabla yeye hajala. Kazi hiyo haina watazamaji, wala hakuna saa ya kuipima. Walakini hapo ndipo deni hulipwa.

Scamper alikufa mwaka 2012, akiwa na miaka 35, umri mkubwa sana kwa farasi. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita tangu taji la mwisho walilolipata pamoja. Kwa muda huo wote hakuleta ushindi mwingine kama ule. Alikuwa mnyama mzee, akila majani yake na kuota jua.

Mtu wa kijiji asiye na farasi anaye mbwa afuatanaye naye porini, au mbuzi anayepelekwa sokoni amefungwa miguu juu ya baiskeli, kichwa kikining'inia. Jua ni kali, njia ni ndefu, na kamba ingeweza kulegezwa kidogo. Mbuzi atachinjwa kesho. Hilo halimkatazi mtu kumpa kivuli leo. Hakuna atakayemsifu mwenye mbuzi kwa kulegeza kamba, wala hakuna atakayemshtaki kwa kutoilegeza. Njiani hakuna mwamuzi wa kutazama, ila yeye na mnyama, na mkono wake juu ya fundo.